Je, Wajua? Baridi ya Kupandikiza Kwenye Gari la Zamani

Wapenzi wa magari ya zamani hubishana juu ya mengi, na kiyoyozi hakikosekani. Wapo wanaoshikilia kwamba gari la mwaka 1955 libaki kama lilivyotoka kiwandani. Anayeona joto ashushe kioo. Mimi siwaungi mkono, na historia yenyewe haiwaungi mkono.

Je, wajua kwamba magari ya kwanza kuuzwa na kampuni kubwa ya Marekani yakiwa na kiyoyozi hayakufungiwa kiyoyozi hicho katika kiwanda chao? Kampuni ya Packard ya Detroit ilikionyesha Chicago mwezi Novemba 1939, kwa magari ya toleo la 1940. Mteja alilipa dola 274 za ziada. Gari lake lilipokamilika lilipelekwa Cleveland, Ohio, kwenye karakana za Bishop & Babcock. Huko ndiko mafundi walikotoboa, wakafunga, wakapitisha mabomba, kisha gari likaanza safari ya kwenda kwa mwenyewe. Kwa maneno mengine, kiyoyozi cha gari kilianza maisha yake kama kitu cha kupandikizwa.

Na kilisumbua. Sehemu ya kupoza hewa ilikaa nyuma na kumeza karibu nusu ya buti. Kompresa haikuwa na klachi, kwa hiyo injini ikiwaka nayo inazunguka, utake usitake. Majira ya baridi yakifika, dereva alizima injini, akafungua boneti na kuuvua mkanda kwa mkono. Baada ya toleo la 1941 Packard iliachana nacho.

Viwanda vikubwa vilirudi kwa kishindo mwaka 1953. Cadillac za mwaka huo zilikuwa na mabomba ya plastiki angavu yaliyopanda kutoka nyuma ya kiti hadi darini, abiria wakayaona kama mapambo. Mwaka 1954 Nash walifanikiwa kuukusanya mtambo wote mbele ya gari. Lakini watu wengi wa kawaida hawakupata baridi kwa njia hiyo. Waliipata kwenye gereji za Texas.

Dallas na maeneo ya jirani, ambako kiangazi joto hupita nyuzi 38 mara kwa mara, kulizuka kampuni zilizotengeneza viyoyozi vya kufungwa chini ya dashibodi: Frigikar, A.R.A., Mark IV. Ni kijisanduku chenye vitundu vya kutolea hewa na swichi mbili, kinaning'inia juu ya magoti ya abiria. Uliingia asubuhi na gari lako la kawaida, ukatoka nalo likipuliza baridi. Ukikutana leo na Ford au Chevrolet ya miaka ya 1950 yenye kijisanduku hicho, usiseme imeharibiwa. Hivyo ndivyo ilivyoishi.

Hapa nina kisa nikipendacho sana. Mark IV ilitengenezwa na John E. Mitchell Company ya Dallas, kampuni iliyokuwa imejulikana kwa mitambo ya viwanda vya kuchambulia pamba. Wakati huohuo, huko Coffeyville, Kansas, mwenye mgahawa aitwaye Omar Knedlik aligundua kwamba wateja wanapenda soda iliyoganda nusunusu. Akaunda mashine ya kuigandisha, na kiini chake kilikuwa kiyoyozi cha gari. Alipotaka mtu wa kuiunda kwa wingi, aliwaendea watu wa Mitchell. Soda ya barafu iitwayo ICEE, inayonywewa Marekani hadi leo, ni mtoto wa AC ya gari.

Je, wajua kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi? Hubeba joto tu na kulitupa nje. Gesi ya R-134a, inayozunguka ndani yake, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikiachiwa nafasi ndani ya koili iliyo chini ya dashibodi, inachemka, na joto la kuchemkia inalichukua kwenye hewa unayovuta. Kompresa huikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta hulitoa joto hilo, gesi inarudi kuwa kimiminika. Aliyekunywa maji ya mtungi anaijua nusu ya elimu hii: maji yanayovuja kwenye udongo hukauka na kuondoka na joto. Kabla ya AC kuenea, madereva wa majangwa ya Marekani walining'iniza dirishani chombo kama pipa dogo lenye maji, upepo ukipita ndani yake unaingia garini umepoa. Arizona kilifaa. Mombasa au Tanga, ambako hewa yenyewe imelowa, kingekuwa pambo tu.

Sasa tufungue boneti, maana kazi yenyewe iko hapa. Ukilifungia AC gari la zamani, kila kiungo cha gari hilo hudaiwa mchango.

Anza na umeme. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na 1960, hutoa ampea 22, basi. Klachi ya kompresa hutaka ampea 4 hivi, feni ikifunguliwa yote yaweza kula zaidi ya 10, taa kuu 8 hivi. Ongeza waipa na koili ya kuwashia, hesabu imekataa, na betri inaanza kuliwa ukiwa barabarani. Kwa hiyo fundi huanza kwa kubadili dainamo aweke alteneta. Tena Morris Minor nyingi za zamani zilitoka kiwandani waya chanya ikiwa ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume cha tulivyozoea. Fundi asiyeliuliza hilo kwanza ataunguza vifaa vipya, au atashangaa feni inazunguka kinyumenyume.

Kisha joto. Kondensa inakaa mbele ya rejeta na kuipulizia hewa iliyokwisha kupata moto. Rejeta iliyoziba kidogo, iliyokuwa ikivumilia miaka yote, itafichuka siku ya kwanza ya foleni. Volkswagen Beetle haina rejeta kabisa, na injini iko nyuma. Kondensa yake hufichwa chini ya gari, ikiwa na feni yake.

Kompresa zilizopendwa zaidi kwa kazi hii ni za Sanden ya Japani. Namba 508 ina maana yake: pistoni 5, ujazo wa inchi 8 za ujazo. Ni nyepesi kuliko zile za chuma za zamani, na injini ndogo haizioni mzigo kama ilivyoziona zile.

Je, wajua kwamba kabla ya kujaza gesi fundi huchemsha maji bila moto? Pampu hunyonya hewa yote ndani ya mabomba kwa nusu saa au zaidi. Hewa ikitoka, shinikizo linashuka mno hata unyevu uliobaki unachemka kwa joto la kawaida la gereji na kutoka kama mvuke. Anayeruka hatua hii huacha maji ndani, nayo huganda kwenye tundu jembamba au hutengeneza asidi inayokula kompresa. Ukimwona fundi anajaza gesi bila kunyonya hewa, lichukue gari lako uondoke.

Gesi yenyewe ina historia nzito. Mifumo ya kale ilitumia R-12, iliyotangazwa mwaka 1930 na Thomas Midgley pamoja na wenzake. Huyu ndiye pia aliyegundua kutia risasi kwenye petroli. R-12 ilikuja kujulikana kuwa inaitafuna tabaka ya ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa. Mrithi wake, R-134a, hupenya kwenye mipira ya zamani na haielewani na oili iliyotumiwa na R-12, ndiyo maana seti mpya ya AC huja na mipira yenye utando ndani na oili yake.

Ozoni haiguswi na R-134a, ila hewa ya dunia huipasha joto. Tarehe 15 Oktoba 2016, baada ya mazungumzo ya usiku kucha, mataifa yalikubaliana mjini Kigali kuipunguza pamoja na jamaa zake. Kilo moja yake hupasha joto sawa na kilo 1,430 hivi za kaboni dioksidi. Gari dogo la zamani lililofungwa AC hubeba gramu 800 hivi. Fundi akizifungulia hewani badala ya kuzinyonya kwenye mtungi wa gesi, ni kama ameachia kaboni dioksidi yenye uzito unaozidi tani moja, na Morris Minor nzima haifiki kilo 800.