Paka wa Ghorofa ya Saba

Je, wajua kwamba paka aliyeanguka kutoka ghorofa ya tisa anaweza kuumia kidogo kuliko aliyeanguka kutoka ya tano? Hivyo ndivyo walivyoripoti madaktari wa wanyama wa New York, Whitney na Mehlhaff, mwaka 1987. Walichunguza paka 132 waliofikishwa hospitalini mwao baada ya kudondoka madirishani na roshanini. Asilimia 90 walipona, na waliotoka juu ya ghorofa ya saba walionekana kuvunjika mifupa michache zaidi.

Paka akiteleza, viungo vya usawa vilivyomo ndani ya sikio humjulisha chini ni wapi. Kichwa hugeuka kwanza, miguu ya mbele ikafuata, kisha kiuno, kwa kuwa uti wake wa mgongo unapindika ajabu. Mfaransa Étienne-Jules Marey aliunasa mgeuko huo kwa picha za mfululizo mwaka 1894. Akianguka kutoka juu sana, mwendo wake hufika kilomita 100 hivi kwa saa, kisha hauongezeki tena, maana hewa imeshamkaba. Hapo, walidhani madaktari wale, hulegeza mwili na kutandaza miguu.

Ila hesabu hiyo ina tundu: aliyekufa palepale kwenye lami hapelekwi hospitali, kwa hiyo hakuhesabiwa. Hata hao waliopona, wengi walifika wameumia kifua, na wengine taya zimevunjika. Miguu minne ikishatua, kidevu nacho hugonga sakafu. Msemo wa “roho ya paka” umewaponza paka wengi, kwa sababu mwenye nyumba huacha dirisha wazi akijua mnyama atajitua mwenyewe.

Ghorofa zinapozidi kuota Upanga na Kilimani, jambo hili limekuwa letu. Nondo za dirishani ziliwekwa kumzuia mwizi. Paka, mitulinga yake ni vijifupa visivyoungana na mifupa mingine, vimeshikwa na misuli tu, basi penye nafasi ya kupenya kichwa, mabega hupita. Wavu wa mbu nao ni wa kudanganya macho. Kunguru akitua nje, paka huurukia kwa uzito wake wote. Kucha zikiuchana, au fremu ikichomoka, wanatoka pamoja. Kinachofaa ni wavu wa chuma wa matundu madogo, uliokazwa kwa skrubu pande zote nne.

Mwenye uwanja ana bahati zaidi, anaweza kumjengea kibanda cha nje. Kosa la kawaida ni kujenga kipana na kifupi kama banda la kuku. Paka hupima makazi yake kwa kwenda juu. Mpigilie mbao za kukalia kwa ngazi, moja ya juu kabisa iwe kivulini, na paa lifunikwe, maana ukuta wa mita mbili kwake si ukuta. Weka pia gogo lililozungushiwa kamba ya katani, na hapa mtu wa Tanga hana haja ya kuagiza chochote. Liwe refu kiasi cha paka kusimama na kujinyoosha, lisiyumbe. Akilikwaruza, maganda makuukuu ya kucha humtoka, na tezi za nyayoni huacha harufu ya kusema hapa pana mwenyewe.

Huko Canberra, Australia, kumzuia paka si hiari tena: waliozaliwa kuanzia Julai 1, 2022 lazima wabaki ndani ya eneo la mwenye nyumba. Lengo kubwa ni kuwanusuru wanyama wa asili, ndege na mijusi miongoni mwao. Kwetu sababu zaidi ni bodaboda, kichaa cha mbwa, na panya aliyekula sumu kwa jirani.

Ila ukimfungia, umemnyang'anya mawindo. Mwili wa paka hautengenezi vya kutosha kirutubisho kiitwacho taurini. Sharti aipate kwenye nyama au samaki, la sivyo macho hupofuka taratibu na moyo hudhoofika. Yule wa mtaani huipata kwa panya. Wa ndani akipewa ugali na mchuzi mtupu, shibe ataipata, taurini hataipata. Bakuli lake lisikose dagaa, utumbo au moyo wa kuku.