Jinsi roboti ya kukata nyasi inavyogeuka bila kuharibu uwanja

KUKATA nyasi kwa mstari ulionyooka ni kazi nyepesi kwa mashine yoyote. Mtihani huja mstari unapofika mwisho na mashine ikalazimika kugeuka.

Kwa roboti ya kukata nyasi, mtihani huo hurudiwa mara nyingi kila siku, pasipo mkono wa binadamu kuishika. Ikigeuka vibaya, huchimbua nyasi zile zile iliyonunuliwa kuzitunza, hukwama matopeni au huteleza hadi kidimbwini.

Mashine hizi si ngeni katika mataifa ya Ulaya kama vile Uswidi na Ujerumani. Kampuni ya Husqvarna ya Uswidi, iliyoanza mwaka wa 1689 kama kiwanda cha bunduki, ilileta sokoni roboti iliyotumia nguvu za jua mwaka wa 1995. Tangu wakati huo aina nyingi zimeundwa, nyingi zikitumia betri ambayo roboti huenda kuichaji yenyewe kituoni.

Roboti nyingi hazina usukani. Nyuma zina magurudumu mawili makubwa, kila moja likiwa na mota yake. Magurudumu madogo ya mbele huzunguka huru kama yale ya toroli ya dukani, yakifuata tu kule yanakosukumwa.

Kugeuka basi ni suala la kasi. Gurudumu moja la nyuma likipunguza mwendo, roboti hukata kona pana. Likisimama kabisa huku la pili likienda, mashine hulizunguka lililosimama. Na moja likienda mbele huku jingine likirudi nyuma, roboti huzunguka papo hapo mithili ya pia.

Inajuaje wakati wa kugeuka umefika? Katika mfumo wa kale, waya hutandazwa kuuzunguka uwanja na kupitishiwa umeme hafifu. Umeme huo huzua nguvu za sumaku ambazo mwelekeo wake ndani ya mzingo ni kinyume na ule wa nje. Roboti ikivuka waya, vitambuzi vyake huhisi badiliko hilo. Husimama, hurudi nyuma kidogo, huchagua pembe kwa kubahatisha, kisha huendelea na safari.

Kubahatisha huko kuna faida. Kwa kuwa pembe hubadilika kila mara, baada ya saa au siku kadhaa roboti huwa imepita karibu kila mahali, na magurudumu hayakanyagi njia moja daima.

Baadhi ya roboti za kisasa huongozwa na setilaiti, zikisaidiwa na kituo kidogo kinachosahihisha vipimo hadi sentimita chache. Hizo hukata kwa mistari sambamba na humaliza kazi mapema. Hata hivyo, kila mstari huishia pembezoni, kwa hivyo mageuzo yote hurundikana huko. Hiyo ndiyo sababu uwanja unaweza kupendeza katikati ilhali kingo zake zimekwaruzwa.

Hali ya udongo huamua mengi. Kwenye ardhi tambarare na kavu, gurudumu hushika barabara na kugeuka hakuachi alama. Mvua ikinyesha, hasa penye udongo wa mfinyanzi, gurudumu huteleza na kusugua mahali pamoja. Kuzunguka kama pia huwa hatari zaidi, maana mpira wa gurudumu husokota nyasi na kuzing'oa na mizizi.

Suluhisho ni kugeuka polepole kwa kona pana, au kwa hatua tatu kama dereva anayegeuza gari kwenye barabara nyembamba. Mwenda pole hajikwai. Aidha, kubadilisha mwelekeo wa mistari kila baada ya siku kadhaa hutawanya mzigo, na baadhi ya roboti zina kitambuzi cha mvua kinachozirudisha kituoni.

Aina ya nyasi pia ina usemi. Nyasi nyingi za bustani za Ulaya kaskazini humea kwa vichaka na hazitambai, hivyo kovu la gurudumu huchukua muda kuzibika. Nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na ambazo zimeenea hadi Australia na California, hutambaa kwa kasi na kuziba pengo upesi. Lakini hufanya zulia nene lenye kubonyea, ambamo magurudumu membamba huzama na mota kulazimika kufanya kazi zaidi.

Kwenye mteremko, mambo hugeuka tena. Roboti ikipanda, uzito huegemea magurudumu ya nyuma nayo hushika vyema, ila sehemu ya mbele huwa nyepesi na kuyumba. Ikishuka, uzito huhamia mbele, magurudumu yenye mota hupungukiwa na mshiko, na mashine inaweza kuteleza kupita waya kabla haijageuka. Ikikata kando ya mteremko, pua yake huvutwa chini kwa kuwa magurudumu ya mbele hayana cha kuizuia.

Watengenezaji hupima mteremko kwa asilimia. Asilimia 45 ina maana kuwa ardhi huinuka sentimita 45 kwa kila mita moja ya ulalo, yaani takriban nyuzi 24. Mwaka wa 2019, Husqvarna ilizindua roboti yenye mota katika magurudumu yote manne, ambayo mwili wake una sehemu mbili zilizounganishwa na hujipinda inapogeuka. Hiyo imeundwa kwa miteremko ya hadi asilimia 70, takriban nyuzi 35.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni kwamba kiwango kinachoruhusiwa ukingoni huwa kidogo kuliko cha katikati ya uwanja, kwa sababu ukingoni ndiko roboti hugeukia.

Isitoshe, si kila kizuizi ni mti au ukuta. Kalunguyeye akitishwa hakimbii, bali hujikunja kama mpira. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021, uliotumia mizoga ya wanyama hao nchini Denmark, ulionyesha kuwa roboti zilizojaribiwa zililazimika kumgusa mnyama ndipo zimtambue, na baadhi zilisababisha majeraha mabaya. Kwa kuwa kalunguyeye hutembea usiku, jiji la Köln, Ujerumani, lilipiga marufuku matumizi ya roboti hizo nyakati za usiku mwaka wa 2024.

Anayepanga kununua mashine hii basi hana budi kuuchunguza uwanja wake kabla ya kuuliza bei. Autembelee baada ya mvua, aone maji yanakotuama, apime mteremko wa kingo, afukie mashimo na kuangalia mizizi iliyochomoza. Pale roboti itakapogeukia ndipo panapostahili kuangaliwa kwanza.