Darasa la Chokoleti na Mikono ya Wengi

Vikundi vya akina mama huku ziwani vimezoea kufundishana kazi: kukamua mawese, kutengeneza sabuni, kukausha dagaa. Siku hizi wapo wanaouliza habari za chokoleti. Kokoa haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Inalimwa Kyela na Morogoro, na nje ya nchi yetu inalimwa Bundibugyo huko Uganda na Beni huko Kongo. Kikundi kikipata kilo chache za punje zilizokauka, darasa linaweza kufanyika hata Kagunga chini ya mwembe.

Kwanza tujue punje hizo zimepita wapi. Ndani ya tunda la kokoa punje zimezungukwa na utelezi mtamu. Mkulima huzitoa, akazivundika kwenye sanduku la mbao au chini ya majani ya migomba kwa siku 5 hadi 7 huku akizigeuza, kisha akazianika juani. Bila kuvundikwa, ladha ya chokoleti haiji, hata ukaange namna gani. Lakini katika siku hizo zote punje hushikwa na mikono, hutuliwa na nzi, na kuku hupita juu yake. Kwa hiyo punje mbichi hubeba vijidudu, hasa vile viitwavyo salmonela, vinavyoleta homa, tumbo kusokota na kuhara.

Kukaanga ndiko kunakoviua. Baada ya hapo punje humenywa, hutwangwa na kusagwa pamoja na sukari mpaka ziwe uji mzito unaong'aa. Uji huo hauchemshwi tena. Mchafuko wowote unaoingia baada ya kukaanga unabaki humo hadi kinywani mwa mtoto. Mafuta ya kokoa huvihifadhi vijidudu kwa miezi, tena huvikinga na asidi ya tumbo, hivyo hata vichache vinatosha kuuguza. Mwaka 2022 chokoleti ya kiwanda kimoja cha Ubelgiji iliuguza watu katika nchi nyingi za Ulaya, wengi wao watoto wa chini ya miaka 10. Hicho ni kiwanda chenye mashine na wapimaji.

Ndiyo maana darasa ligawanywe pande mbili. Wanaochambua punje mbichi wakae upande wao na ungo wao. Wanaomenya na kusaga zilizokaangwa wakae upande mwingine, na vyombo visihamishwe. Anayevuka anawe kwa sabuni. Kibuyu chirizi kinatosha. Aliyeharisha asishike kazi mpaka zipite siku mbili tangu kuharisha kukome, hata kama ndiye mwalimu. Najua hili ni gumu kumwambia mtu mzima.

Maji ya kuoshea vyombo yachemshwe au yatiwe dawa. Watu wa Kagunga hawahitaji kuelezwa sana: Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa ufukweni, kipindupindu kilizuka na kuua watu. Vyombo vikishaoshwa vikaushwe kabisa, maana hata matone machache ya maji hufanya chokoleti iliyoyeyuka igande mabonge. Kuiyeyusha, weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, lisiguse maji.

Sasa nani ale? Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe. Chakula chake hakihitaji sukari ya kuongezwa. Mwenye kisukari aihesabu kama sukari nyingine. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu asiitegemee. Kokoa ina madini ya chuma, lakini pia ina vitu vinavyozuia chuma kufyonzwa mwilini, kama ilivyo kwa chai. Kwake dagaa na matembele ni bora, na vidonge vya kliniki asiviache. Wengine wote wale kipande kidogo baada ya mlo, kisha wasukutue.

Ningependa siku hiyohiyo kikundi kisage na karanga, kwa kuwa vyombo ni vilevile na siagi ya karanga humfaa mtoto anayelikizwa kuliko peremende yoyote. Karanga zilizoota ukungu au kusinyaa zitupwe, wala zisikaangwe kwa matumaini: moto wa jikoni hauondoi sumukuvu.

Chokoleti huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, kwa hiyo mchana wetu huilainisha. Itieni kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, mahali penye kivuli. Ikitoka weupe juu baada ya siku chache, mara nyingi ni mafuta yaliyopanda, yanalika. Ikiwa weupe una manyoya au harufu ya uvundo, huo ni ukungu, tupeni yote.