Kumlisha Bakteria Ili Dawa Imuue

Mtoto mchanga akifikishwa hospitalini ana homa, hanyonyi na anapumua kwa shida, daktari hangoji majibu ya maabara. Miongozo ya tiba ya Tanzania, sawa na ya Shirika la Afya Duniani (WHO), inamtaka aanze mara moja na dawa mbili: ampisilini na gentamaisini. Ni dawa za zamani, bei yake ni nafuu, na wauguzi wetu wanazijua vizuri. Tatizo ni kwamba bakteria wengi wanaowashambulia watoto hao hawafi tena kwa dawa hizo.

Kanda ya Ziwa imelijua jambo hili kwa vipimo, si kwa fununu. Mwaka 2009 Profesa Stephen Mshana na wenzake walichapisha utafiti wa bakteria waliooteshwa kutoka kwa wagonjwa wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza. Katika vimelea 377 vya kundi liitwalo gramu hasi, asilimia 29 vilikuwa na vimeng'enya vinavyovunjavunja hata dawa za ngazi ya seftriaksoni. Kwa bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae, anayesumbua sana wodi za watoto wachanga, kiwango kilikuwa asilimia 64. Mwaka 2016 watafiti wa hapa walionyesha kuwa bakteria wenye vimeng'enya vya aina hiyo wamo pia katika mazingira ya mwambao wa Ziwa Victoria na ndani ya matumbo ya samaki. Maji machafu ya jiji huteremka na mto Mirongo hadi ziwani, na usugu huteremka nayo.

Hapa lazima tusahihishe kauli inayosikika kila siku kwenye maduka ya dawa: "mwili wangu umeizoea dawa hii." Mwili hauzoei antibayotiki. Anayebadilika ni bakteria, na bakteria huyo anaweza kuhamia kwa mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge cha dawa hiyo maishani mwake. Ndiyo maana kichanga wa siku tatu anaweza kuugua kwa bakteria sugu.

Kwa miaka mingi jibu la sayansi lilikuwa moja: tafuteni dawa mpya. Lakini dawa mpya huchukua miaka mingi kutengenezwa, ni ghali, na zikifika huku kwetu huwa tayari zimeanza kuzidiwa. Ndipo baadhi ya watafiti walipogeuza swali. Badala ya kuuliza ni dawa gani nyingine itamuua bakteria huyu, waliuliza: bakteria huyu yuko katika hali gani hata dawa ya zamani isimuue? Jibu walilolipata linahusu chakula.

Bakteria ni seli moja tu, na imezungukwa na utando. Anapochoma chakula kwa kutumia oksijeni, husukuma chembe za haidrojeni zenye chaji chanya hadi nje ya utando huo. Upande wa ndani hubaki na chaji hasi. Tofauti hiyo ni umeme halisi unaoweza kupimwa. Gentamaisini na ndugu zake, kama kanamaisini na streptomaisini, zina chaji chanya, kwa hiyo umeme wa utando ndio unaozivuta kuingia. Zikishaingia hunasa kwenye ribosomu, mahali protini zinapotengenezwa, protini zinaharibika na bakteria anakufa. Sasa fikiria pampu ya kisima: umeme ukikatika, maji hayapandi kwenye tangi hata kisima kikiwa kimejaa. Ndivyo ilivyo kwa bakteria aliyepunguza umetaboli wake, yaani kasi ya kuchoma chakula. Umeme wa utando wake ni hafifu, na dawa hubaki nje hata kama damu ya mgonjwa imejaa dawa.

Mwaka 2011 Kyle Allison, Mark Brynildsen na James Collins wa Chuo Kikuu cha Boston, Marekani, walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyofungua njia hii. Walishughulika na bakteria waliolala: hawakubadilika kijeni, ila wamepunguza shughuli zao na kuisubiri dozi ipite. Watafiti waliwapa sukari kama glukosi, fruktosi na manitoli, pamoja na gentamaisini. Bakteria walipoipata sukari waliamka, umeme wa utando ukapanda, dawa ikaingia na kuwaua. Kwa panya wenye maambukizi ya njia ya mkojo walitumia manitoli, kwa sababu seli za mwili haziitumii sana na hivyo hufika kwenye mkojo, bakteria walipojificha.

Hatua iliyofuata inatugusa sisi wa ziwani zaidi. Mwaka 2015 kundi la Bo Peng, Hui Li na Xuan-xian Peng, kutoka Guangzhou, China, lilimchunguza Edwardsiella tarda, bakteria anayeua samaki wa kufugwa na anayeweza kumwambukiza binadamu pia. Safari hii hawakuwa bakteria waliolala tu, bali sugu hasa, wasiosikia dawa nyingi. Watafiti walilinganisha kemia ya ndani ya bakteria sugu na ya wale wanaokufa kwa dawa. Waligundua kuwa bakteria sugu wamepungukiwa na vitu viwili: glukosi, na alanini, ambayo ni mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Walipowarudishia vitu hivyo, mzunguko wa kuchoma chakula uliongeza kasi, umeme wa utando ukapanda, na kanamaisini ikaanza tena kuua. Matokeo kama hayo yalionekana kwa bakteria wengine, akiwemo Klebsiella pneumoniae anayetusumbua Mwanza, na yakarudiwa kwa panya wenye maambukizi ya njia ya mkojo.

Mwaka 2021 watafiti kutoka Guangzhou waliongeza ushahidi mwingine kwa kutumia glutamini na ampisilini. Ampisilini haitegemei umeme wa utando. Hupita kwenye vitundu vya utando wa nje. Glutamini iliwafanya bakteria wa njia ya mkojo watengeneze vitundu zaidi, na dawa ikaingia kwa wingi. Tazama tena jozi hiyo: ampisilini na gentamaisini, zile zile anazoanza nazo daktari wa watoto. Tafiti hizi zinahusu dawa ambazo tayari ziko kwenye kabati la hospitali ya wilaya.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya ushahidi imetoka kwenye maabara na kwa wanyama. Hakuna mwongozo wa tiba unaoelekeza mgonjwa apewe alanini au glukosi ili antibayotiki ifanye kazi. Tena mbinu hii haifungui kila kufuli. Kuna bakteria waliobadilisha ribosomu zao hivi kwamba gentamaisini hainasi tena. Kwa hao, kuiingiza dawa kwa wingi hakusaidii kitu. Wengine wana vimeng'enya vinavyoiharibu dawa mara inapoingia. Kwenye jipu lisilo na oksijeni, umeme wenyewe hautengenezeki vizuri hata chakula kikiwepo. Na gentamaisini ikizidi huumiza figo na masikio. Usikivu ukipotea hivyo haurudi.

Kwa hiyo namwomba msomaji asiende nyumbani akachanganye glukosi ya dukani na vidonge vya UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Sukari unayokunywa hugawanywa mwili mzima, na kwa mtu mwenye afya figo huirudisha kwenye damu kabla haijafika kwenye mkojo. Mwenye kisukari, ambaye sukari humpita hadi kwenye mkojo, ndiye anayepata maambukizi kwa urahisi zaidi. Kumlisha bakteria bila dawa sahihi, kwa kipimo sahihi na kwa wakati sahihi, ni kumnenepesha tu.

Sharti la kwanza la mbinu hii ni kumjua bakteria uliye naye. Mradi wa HATUA, uliochunguza maambukizi ya njia ya mkojo Kenya, Uganda na Tanzania, Mwanza ikiwemo, ulionyesha kuwa chini ya nusu ya wagonjwa wenye dalili za UTI walikutwa na maambukizi yaliyothibitishwa maabara. Yaani wengi wanameza antibayotiki, au wanachomwa zile wanazoziita sindano za masaa, kwa ugonjwa ambao hawana. Kila dozi ya namna hiyo inawabakiza bakteria sugu na kuwaondoa wanyonge. Ukiambiwa una UTI inayojirudia, omba mkojo uoteshwe. Ni haki yako, na majibu yake huokoa fedha za dozi tatu zisizofaa.

Kwa wafugaji wa sato kwenye vizimba, funzo ni lile lile. Kizimba kiko ndani ya maji yale yale tunayochota na kuvua, na dawa isiyoliwa na samaki hubaki ziwani ikichuja bakteria sugu. Kupunguza msongamano wa samaki, kulisha kwa kiasi na kuwaondoa waliokufa mapema kunazuia magonjwa bila antibayotiki hata chembe.

Kwa wenye mamlaka ya kupanga utafiti, ombi langu ni moja. Tanzania ina mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na Chuo Kikuu cha CUHAS-Bugando kina wataalamu waliotumia miaka mingi kukusanya na kuchunguza bakteria wa mwambao huu. Bakteria hao wajaribiwe hapa hapa, kwa alanini, glutamini na gentamaisini yetu, ili tujue ni wangapi wanafunguka kwa chakula na ni wangapi hawafunguki kabisa. Jaribio la aina hiyo halihitaji dawa ambayo bado haijavumbuliwa. Linahitaji sahani za kuoteshea, vitendanishi, na uamuzi kwamba gentamaisini ya bei nafuu ni mali ya umma inayostahili kuokolewa.