Tundu Tumboni mwa Ndege

Nyumbu wa Serengeti kwa muda mrefu wamekadiriwa kupita milioni moja, na huhesabiwa kwa picha za wima zinazopigwa kutoka ndege ndogo. Picha za ramani nazo ni hivyo hivyo: kamera hutazama chini moja kwa moja, na kila picha huirudia iliyotangulia kwa takriban asilimia 60. Dirishani kazi hiyo haifanyiki. Lazima tumbo la ndege litobolewe.

Hapo ndipo mambo yanapoanza. Bati la ndege ndogo aina ya Cessna si kama bati la paa la nyumba. Ngozi hiyo ya alumini hubeba mzigo pamoja na mbavu zilizo ndani yake. Ukiikata, nguvu zilizokuwa zikipita pale hutafuta njia nyingine, na zikikuta kona kali, ufa huanzia hapo. Kwa hiyo tundu hukatwa la mviringo, au kona zake huviringwa, na ukingo huongezewa bati la pili kwa safu za ribiti. Tena, chini ya sakafu ya ndege hupita kebo za kuongozea mkia. Fundi hatoboi anapopenda.

Halafu kuna ekzosi, ambayo wanunuzi wa kamera ghali huisahau. Bomba lake hutokea chini ya pua, na moshi hutambaa tumboni kuelekea nyuma ukibeba chembe za oili. Tundu likikaa kwenye njia hiyo, lenzi ya mamilioni itapiga ukungu.

Wengine hukwepa kutoboa: hung'oa mlango, mpigapicha akajifunga mkanda na kuinama nje. Kwa picha za hoteli ufukweni inafaa, ilimradi mwongozo wa ndege hiyo unaruhusu.

Makaratasi ndiyo mlima wenyewe. Cheti cha aina hutambua ndege kama ilivyochorwa kiwandani. Badiliko kubwa hudai idhini yake, mara nyingi cheti cha nyongeza. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, imekwisha kupitisha michoro ya matundu ya kamera kwa baadhi ya Cessna, na mwenye busara hununua mchoro huo kuliko kubuni wake. Ndege ikiwa imesajiliwa Tanzania, mamlaka ya anga ya huko, TCAA, nayo lazima iridhie. Kisha ndege hupimwa uzito upya, kwa kuwa kamera na fremu yake husogeza kitovu cha uzito.

Bila idhini hiyo, hata injini ikiwa mpya, ndege hairuhusiwi kuruka.