MCHUMIA JUANI

Mchumia juani hulia kivulini. Ndivyo walivyosema wazee wetu, nao walisema kweli. Lakini kati ya jua na kivuli pana njia, na njiani hukaa wengi wanaoyatamani mavuno ya mwenzao. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za sikukuu moja ya mavuno inayolithibitisha jambo hilo.

Sikukuu hiyo ni Vaisakhi, nayo huangukia tarehe 13 au 14 Aprili. Wakati huo, katika nchi ya Punjab, kaskazini ya Bara Hindi, ngano iliyopandwa mwezi wa Oktoba na Novemba huwa imekwisha kuiva. Ngoma hulia na vijana hucheza. Wahindu wengi wa upande huo huihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa mwaka, nao huenda kuoga katika mto Ganges. Wasikh, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Kalasinga, huenda gurdwara, yaani nyumba yao ya ibada.

Yawezekana msomaji akauliza: ngoma za mavuno ya wengine zatuhusu nini? Twajibu kuwa zatuhusu sana.

Siku ya Vaisakhi mwaka 1699, Guru Gobind Singh aliwakusanya wafuasi wake huko Anandpur. Mapokeo yao yasema kuwa alisimama na upanga mkononi, akauliza ni nani aliye tayari kutoa kichwa chake. Wakajitokeza watano, mmoja baada ya mwingine, na miongoni mwao walikuwamo mkulima, kinyozi na mchota maji. Katika nchi ambayo mtu wa tabaka la juu hakukubali kushiriki chombo na mtu wa chini, hao watano walinywa bakuli moja. Kisha Guru mwenyewe akaomba kunyweshwa nao. Wanaume wakaitwa Singh, yaani simba, na wanawake Kaur, ili jina lisimtambulishe mtu tabaka lake.

Hata leo katika kila gurdwara chakula hutolewa bure, na wote huketi pamoja. Msafiri apitaye njia ya Mombasa kwenda Nairobi aweza kujionea haya Makindu, katika gurdwara iliyojengwa mwaka 1926 na Wasikh waliofanya kazi ya reli.

Lakini siku hiyo hiyo ilipata kuingia damu. Tarehe 13 Aprili 1919, maelfu walikusanyika katika kiwanja cha Jallianwala Bagh, mjini Amritsar. Wengine walikuja kupinga sheria ya Waingereza ya kuwafunga watu bila hukumu. Wengine walikuwa wanavijiji waliokuja kwa sikukuu tu. Kiwanja kilizungukwa na kuta, na njia za kutokea zilikuwa chache na nyembamba. Jenerali Dyer akaamuru askari wapige risasi pasipo kutoa onyo. Kwa muda wa dakika kama kumi zilipigwa risasi 1,650. Serikali ilihesabu maiti 379; Wahindi wenyewe walisema waliokufa walizidi sana hesabu hiyo.

Wala uhuru uliopatikana mwaka 1947 haukuyamaliza mashaka ya mkulima. Mwaka 2020 Bunge la India lilipitisha sheria tatu za biashara ya mazao. Wakulima wa Punjab na wa Haryana, Wasikh kwa Wahindu, waliona kuwa wataachwa mikononi mwa matajiri wakubwa. Wakapiga kambi barabarani kwenye mipaka ya Delhi, wakala chungu kimoja, na Vaisakhi ya mwaka 2021 ikawakuta huko huko. Mwezi wa Novemba mwaka huo sheria hizo zilifutwa.

Basi, ndugu wasomaji, wale walionywa bakuli moja mwaka 1699 waliacha urithi mkubwa kuliko ghala la ngano. Jua humtosha mkulima kuivisha mazao yake. Lakini kukifikia kivuli kwataka wenzake wasimame naye.