Je, wajua kwa nini Zanzibar hutangulia asali?

Mtu akikwambia kompyuta imepanga majina kialfabeti, muulize: alfabeti ya nani? Waswidi huweka å, ä na ö baada ya z. Waestonia huiweka z kabla ya t. Wacheki huihesabu ch kuwa herufi moja, nayo huja baada ya h. Hifadhidata kama PostgreSQL hufuata kanuni iliyochaguliwa ilipoanzishwa, na mara nyingi kanuni hiyo huazimwa kwenye mfumo wa uendeshaji.

Kanuni nyepesi kuliko zote huitwa C. Haijui lugha yoyote, hulinganisha namba za herufi tu. Z kubwa ni 90 na a ndogo ni 97, basi Zanzibar hutangulia asali. Ritifaa ni 39, kwa hiyo ng'ombe hutangulia ngano. Kanuni ya en_US, yaani ya Kiingereza cha Marekani, hupita kwa awamu. Kwanza hutazama herufi zenyewe. Zikilingana, hutazama alama za juu kama ya é. Zikilingana tena, ndipo herufi kubwa na ndogo hutofautishwa. Kwenye Linux, kwa miaka mingi, kistari kilirukwa katika awamu ya kwanza, hivyo 11 ilitangulia 1-1. Agosti 2018 likaja toleo la 2.28 la glibc, maktaba ya mfumo yenye kanuni hizo, na 1-1 ikapanda juu.

Jambo dogo? Faharasa ya hifadhidata hujengwa kwa kuamini kwamba mpangilio haubadiliki. Ukisasisha mfumo bila kuijenga upya, utafutaji hufika njia panda, hushika upande ambao kanuni mpya inauelekeza, na kukosa rekodi iliyowekwa upande wa pili kwa kanuni ya zamani. Rekodi ipo, lakini unaambiwa haipo. Hata namba ya mteja isiyoruhusiwa kujirudia inaweza kuingia mara mbili. Dawa ni REINDEX, yaani kuijenga faharasa upya, baada ya kuondoa rekodi zilizojirudia.

Majaribio ya PostgreSQL hulinganisha matokeo na faili la matokeo yanayotarajiwa, mstari kwa mstari. Rekodi zilezile zikitoka kwa mpangilio mwingine, jaribio hufeli ingawa programu haina kosa. Wanaoyaandika hujikinga kwa kuongeza COLLATE "C" kwenye ORDER BY. Wengine hulizima jaribio wakidai lina kisirani. Hao ndio wanaonikera, maana jaribio limewaonyesha kwamba mashine mbili hazikubaliani, nao wamelinyamazisha.

Huku kwetu uzembe una sura yake. Seva hubaki na en_US kwa kuwa hakuna aliyeuliza, na data za majaribio zimejaa John na Mary. Majina hayo hayatakwambia Ng'ang'a ataangukia wapi kwenye orodha ya mishahara. Weka majina yetu, yenye ritifaa na vistari vyake, kabla mteja hajayaweka yeye.

Mengine yanayotegemea kanuni ya mpangilio: daftari la wapigakura, faharasa za vitabu, kuchuja majina ya A hadi M, kuunganisha mafaili yaliyokwisha kupangwa, kugawa jedwali kubwa vipande. Anayetaka kuepa mabadiliko ya glibc ana maktaba ya ICU tangu PostgreSQL 10, nayo pia ina matoleo yake ya kufuatilia, au C.UTF-8 iliyojengwa ndani ya toleo la 17 la mwaka 2024. Hiyo ya mwisho ni imara, ila Zanzibar itaendelea kutangulia asali.